Imani maana yake nini hasa?

Mwana Ngamiani: Wakuu naomba msaada, bibi yangu hapa Tanga akiona mtu anampiga punda anasema "huyu hana imani", sasa mi najua imani ni mambo ya dini tu, anakosea?

Bi Mkubwa Chumbageni: Hakosei mwanangu. Imani kwetu ni huruma pia, ndo maana tunasema "nimemwonea imani". Neno limetoka Kiarabu, ukoo mmoja na amini, amani na amana, yaani kuamini na kuaminika vyote vimo humo humo.

Wa Pangani: Na bungeni kuna kura ya kutokuwa na imani na waziri mkuu, pale dini haimo kabisa.

Mwana Ngamiani: Shikamoo Bi Mkubwa, asanteni sana, nilikuwa nambishia bibi wiki nzima, jioni naenda kumwomba radhi.