Babu na risasi za Kisiwandui: ushahidi uko wapi?

Mleta mada:
Ikikaribia tarehe 7 Aprili hakosi mtu wa kuniambia kwamba Abdulrahman Babu, waziri wa zamani na kiongozi wa kilichokuwa chama cha Umma Party, ndiye aliyemmaliza Mzee Karume, Rais wa Zanzibar. Tuanze na yasiyo na ubishi. Mwaka 1972, makao makuu ya ASP (Afro-Shirazi Party, chama tawala cha Zanzibar), Kisiwandui, Mzee yuko kwenye bao lake la jioni, wakaingia watu na silaha. Luteni Humud Mohamed Humud alimpiga risasi, na Mzee akafa siku hiyo hiyo.

Babu alikuwa akiishi Dar es Salaam. Alikamatwa, akawekwa kizuizini Bara, na Zanzibar ikamhukumu kifo mwaka 1974 bila yeye kukanyaga kizimbani. Kwa ushahidi upi? Sehemu kubwa ni maelezo ya kukiri ya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya usalama. Baadhi yao walipofika mahakamani waliyakana, wakasema waliteswa. Na mahakama yenyewe ilikuwa Mahakama ya Wananchi, ambako wakili hakuruhusiwa na hakimu hakulazimika kuwa amesomea sheria. Mtu anatajwa na mfungwa aliyepigwa, hayupo kujibu, hana wa kumsemea. Mimi huo siuiti ushahidi.

Mchangiaji:
Ndugu yangu, usitufanye watoto. Babu aliondolewa uwaziri Februari, Aprili Mzee kauawa. Kati ya washtakiwa walikuwamo makomredi wake wa zamani wa Umma Party, vijana waliowahi kupelekwa Cuba kwa mafunzo. Luteni peke yake hapangi jambo zito kama lile. Halafu kama alikuwa msafi, Mwalimu Nyerere alimfungia miaka sita ya nini?

Mleta mada:
Hapo kwa makomredi umenibana kidogo, sikatai. Kwamba palikuwa na njama nakubali, na kwamba watu wa Umma walikuwamo pia nakubali. Lakini kufahamiana na mtu si kumtuma. Kuhusu Humud, sababu inayotajwa sana ni kisasi cha baba yake aliyefia kizuizini; mwenye uchungu huo anahitaji waziri wa kumchochea?

La Mwalimu linakugeukia. Mwaka 1969 aliwarudisha wanasiasa Kassim Hanga na Othman Shariff Zanzibar, wakauawa. Babu alipotakiwa, alikataa kumtoa. Angeiamini ile kesi, angemzuia kwa lipi? Alimweka ndani bila kumfungulia mashtaka yoyote Bara, akamwachia 1978. Kumweka ndani miaka yote hiyo ni dhuluma nyingine, tutaijadili siku yake.

Uadui alikuwa nao, na kufukuzwa kulimuuma, bila shaka. Ila hayo ni sababu ya kumshuku tu. Nitajie shahidi mmoja aliyemtaja Babu akiwa huru, hajaguswa na mtu, nami nitafuta niliyoandika.