Ushauri: niipeleke familia Marsh Lake, au tubanane hapa hapa Whitehorse?

Mwana_Igombe

Wakuu, habari zenu. Naombeni mawazo, hasa nyie mnaoishi Kanada kaskazini, maana nina wiki mbili tu za kutoa jibu.

Nipo Whitehorse, Yukon, mwaka wa tatu sasa. Nahudumia wazee, zamu za usiku. Mke wangu na wanetu wawili, wa miaka 7 na 4, wamepata viza, wanakuja Oktoba kutoka Mwanza. Hapa mjini nimepanga chumba kimoja na sebule, wanne hatuenei. Nyumba za familia ni za kugombania na kodi zake zinakausha mshahara wote.

Sasa nimepata nyumba Marsh Lake, karibu kilomita 50 kusini-mashariki kwa barabara kuu ya Alaska. Vyumba vitatu, jiko la kuni, baraza linatazama ziwa, na kodi ni pungufu kwa theluthi. Watu wengi wa kule wanafanya kazi huku mjini, wanakuja asubuhi na kurudi jioni. Nilikwenda Jumapili nikasimama ufukweni, milima iko ng'ambo, maji yametulia tuli. Mimi nimekua nikinawa uso Ziwa Victoria. Tangu nitoke nyumbani sijawahi kusikia moyo umetua kama siku ile.

Ila chini ya ngazi niliona viroba vya mchanga vimepasuka, na kwenye mbao za banda la kuni kuna mstari wa tope unaonifika gotini. Nilipomuuliza mwenye nyumba alisema ni mambo ya zamani. Mnasemaje?

BintiChumbageni

Hongera kwa viza, kaka. Nimekaa Whitehorse miaka tisa. Kabla ya yote: shemeji anaendesha gari?

Mwana_Igombe

Hapana dada. Na gari tunalo moja, ndilo naendea kazini.

BintiChumbageni

Basi swali lako la kwanza siyo ziwa. Mabasi ya mji yanaishia mjini, hayafiki Marsh Lake. Wewe unaondoka jioni na gari, unarudi asubuhi umechoka, unalala. Yeye kabaki na watoto, hana lugha sawasawa, duka la maana liko mjini, jirani wa karibu hamjui jina. Mtoto akipata homa saa 8 usiku afanyeje? Kuna zimamoto la kujitolea kule na watu wake wana moyo sana, lakini hospitali ni hii hii ya Whitehorse.

Mimi nilifika Januari, nikakaa ndani hapa hapa mjini wiki sita bila kuongea na mtu zaidi ya mume wangu, nikawa nalia nikiosha vyombo. Nilipopata leseni ndipo nikaanza kuishi. Na kwa mtu ambaye hajawahi kushika usukani, leseni ni kazi ya miezi, siyo wiki. Tena msimu anaofika ndio barabara inaanza kuganda.

Fundi_Dohani

Mkuu, huo mstari wa tope uchukulie kwa uzito. Uko sehemu gani, Army Beach?

Mwana_Igombe

Ndiyo, Army Beach.

Fundi_Dohani

Nilikuwepo 2021. Majira yale ya baridi theluji ilikuwa nyingi mno milimani, na ziwa hilo liko mwisho wa mnyororo: maji ya maziwa ya Atlin na Tagish yote yanapita Marsh Lake ndipo yaingie mto Yukon. Yalivuka rekodi ya 2007. Wanajeshi waliletwa Julai kujaza viroba vya mchanga pamoja na wenyeji. Viroba ulivyoona huenda ni masalia ya siku zile.

Sisi tumezoea kwetu mvua ikinyesha maji yanapanda. Huku siyo hivyo. Juu ya maziwa hayo kuna barafu za milimani, nazo zinayeyuka taratibu kiangazi kizima, kwa hiyo ziwa linafika kilele mwezi wa 8, jua linawaka na hakuna hata wingu. Mtu anadhani hatari imepita kumbe ndiyo inakuja.

Muulize mwenye nyumba mambo mawili. Tangi la majitaka lilikuwaje 2021? Maji ya ardhini yakipanda linajaa kwa chini, na unaweza usijue mpaka choo kirudishe. La pili, tangi la maji safi liko wapi? Nyumba nyingi kule maji yanaletwa na boza, unalipia kila safari. Jumlisha maji, gari la kunyonya majitaka, petroli ya kilomita 100 kila siku na kuni, ndipo uone hiyo theluthi imebaki kiasi gani.

Na jiko la kuni: likaguliwe pamoja na bomba la moshi kabla hujaweka sahihi, bima watakuuliza. Kuni mbichi zinaacha masizi mazito kama lami ndani ya bomba, siku yakishika moto utadhani ndege inapaa darini. Chukua kuni za miti iliyokauka ikiwa imesimama. Gonga magogo mawili, yakilia kama ubao yanafaa, yakitoa sauti nzito yaache.

Mama_Wawili

Mimi niongelee watoto tu. Shule ziko mjini, kwa hiyo ni basi la shule. Tangu 2020 Yukon haibadilishi saa, kwa hiyo Desemba jua linachomoza baada ya saa 5 asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni. Mwanao wa miaka 7 atasubiri basi gizani kama usiku wa manane. Mshonee utepe unaong'aa kwenye koti. Juni nako jua linazama baada ya saa 5 usiku, weka mapazia mazito.

Na ziwani msiwaache peke yao hata likiganda. Kwenye ghuba ya M'Clintock mabata maji weupe wanatua kwa mamia mwezi wa 4, watu wanatoka mjini kwenda kuwatazama. Wanatua pale kwa sababu barafu inafunguka mapema. Kwa mtoto aliyezoea kuogelea Igombe, hilo mwambie mkiwa mmesimama hapo hapo.

Dereva_wa_Lori

Nyaya inayotokea mbele ya gari lako ndiyo uhai wako. Baridi ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri, chomeka hita ya injini saa tatu au nne kabla ya kuondoka. Umeme ulinikatikia usiku mmoja bila mimi kujua, asubuhi gari likagoma kabisa, nikakosa zamu. Beba blanketi, koleo na chakula garini. Jioni punguza mwendo: kulungu wakubwa wa huku wana miguu mirefu, ukimgonga mwili unaingilia kwenye kioo.

Mwana_Igombe

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Ahsanteni sana.

Nilikwenda tena Jumamosi. Mzee mmoja jirani alinionyesha alama alizochonga kwenye nguzo ya gati lake, ya 2007 na ya 2021 juu yake. Tangi la majitaka la nyumba ile lilizama. Mwenye nyumba amekiri, na kodi hataki kushusha.

Nimeongea na mke wangu. Tumekubaliana nitafute vyumba viwili mjini kwa mwaka mmoja, hata kwa kubanana, aanze kujifunza gari akifika. Yule mzee amesema kuna nyumba za juu, mbali na ufukwe, ataniambia ikipatikana. Dada wa Chumbageni, naomba nikutumie ujumbe binafsi, mke wangu anataka kuongea na wewe kabla hajapanda ndege.

Ameniuliza pia samaki wa huko kama wana magamba.

BintiChumbageni

Nitumie namba yake leo leo. Na mwambie wanayo, ila ya wengine ni madogo mno, hahitaji kuparua.