Mjadala: Sweden ilinunua bunduki kwa Wajerumani wakati wa Vita vya Pili. Je, bado tuiite nchi isiyoegemea upande?

Mleta mada

Wadau, hoja yangu ni hii. Sweden husifiwa kwamba haikuegemea upande wowote mwaka 1939 hadi 1945, lakini ukifungua maghala yake ya silaha unakuta Mauser Karabiner 98k kutoka Ujerumani, bastola za Walther kutoka Ujerumani, na rashasha (bunduki fupi zinazomimina risasi za bastola) za Bergmann pia kutoka Ujerumani. Wakati huohuo chuma ghafi cha migodi ya kaskazini, Kiruna na Gällivare, kinapanda meli kwenda kwa Hitler, kiasi cha tani milioni 10 kwa mwaka miaka ya mwanzo. Anayekupa bunduki ndiye anayekupa risasi, na anayekupa risasi ana kauli juu yako. Kwangu mimi huko ni kuegemea, hata kama bendera haikupandishwa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umehesabu upande mmoja tu wa ghala. Mwaka 1940 Sweden ilinunua pia rashasha 500 za Thompson kutoka Marekani, risasi .45, ikaziita m/40 ("m" ni modeli na namba ni mwaka, ndiyo maana silaha tofauti hubeba jina moja). Rashasha ya Suomi ilitoka Finland. Kiwanda cha Kiswidi cha Husqvarna wakapata leseni na kuiunda wenyewe kwa jina la m/37-39. Bastola ya Lahti nayo ni ya Kifini. Kwa hiyo walinunua kwa Mjerumani, kwa Mmarekani na kwa Mfini, kwa yeyote aliyekuwa bado tayari kuuza.

Tuangalie pia kwa nini mlango wa Marekani ulifungwa. Kati ya ndege za kivita 120 za Seversky walizoagiza, walipokea 60, kisha Washington ikazuia zilizobaki mwaka 1940. Ndege 144 za Vultee hazikufika kabisa. Na tangu tarehe 9 Aprili 1940, Wajerumani walipoingia Denmark na Norway, njia ya bahari ya Skagerrak, kati ya nchi hizo mbili, ilizibwa. Meli chache za Göteborg zilipita baadaye kwa ruhusa ya Ujerumani na Uingereza zote mbili. Ununue kwa nani hapo? Ndege walizikimbilia Italia.

Mchangiaji wa pili

Naomba tusizungumze juu ya "silaha" kwa ujumla, maana kila moja ilinunuliwa kwa sababu yake.

Bunduki ya kawaida ya askari haikuwa tatizo. Mauser m/96 ya risasi 6.5 mm iliundwa nyumbani, Eskilstuna na Husqvarna. Zile 98k takriban 5,000 ziliingia kama m/39 kwa risasi ya Kijerumani ya 7.92 × 57 mm, lakini hazikubaki hivyo. Bombomu (bunduki nzito ya mashine) la Kiswidi la m/36 lilitumia risasi yao nzito ya 8 × 63 mm, yenye kichwa cha takriban gramu 14, na jeshi lilitaka wapiga bombomu wabebe bunduki inayokula risasi ileile ili kikosi kisivute masanduku ya aina mbili. Basi wakapanua chemba (tundu la mtutu risasi inapokaa), wakachimba nafasi ya magazini, wakafunga mdomoni mwa mtutu kifaa cha kupunguza teke, wakaiita m/40. Ganda ni refu na nene zaidi, kwa hiyo magazini ya risasi 5 ikashika 4.

Kwenye karatasi ni hesabu nzuri. Begani ni mateso. Risasi ya bombomu ndani ya bunduki ya kilo 4 hivi inapiga teke linalomfanya askari afumbe macho kabla ya kufyatua, na kile kifaa cha mdomoni kinapunguza teke lakini kinawarudishia mlio na moto wenzake waliolala ubavuni. Baada ya vita waliziuza.

Sasa rudi kwa mleta mada. Ukishabadilisha chemba, risasi ya Kijerumani haifai tena humo. Mjerumani aliuza chuma na mbao. Risasi ikabaki ya Sweden yenyewe. Ile hoja ya "anayekupa bunduki ndiye anayekupa risasi" inavunjika hapohapo.

Mleta mada

Kwa 98k nakubali. Kwa bastola je?

Mchangiaji wa pili

Bastola ndiyo inayoonyesha hatari unayoisema, ila si kwa namna unayofikiri. Waliichagua Walther, wakaiita m/39, wakapata kiasi kidogo, kisha jeshi la Ujerumani lenyewe likaanza kuihitaji na mlango ukafungwa. Wakageukia Lahti ya Finland. Finland nayo ikaingia vitani, viwanda vyake vikawa na kazi ya kwao. Ikabaki leseni tu. Kampuni ya kwanza iliyopewa kazi ilishindwa, Husqvarna wakaichukua, na uzalishaji ukaanza mwaka 1942 na kuendelea hadi 1946, bastola zaidi ya 80,000.

Leseni hukupa michoro. Haikupi chuma kilekile wala mafundi walewale. Bastola hizo zilikuja kupasuka, hasa zilipolishwa risasi ya m/39B, 9 mm kali iliyotengenezwa kwa ajili ya rashasha. Zilistahimili miaka mingi kwa risasi laini, lakini risasi za aina mbili zinazoingia chemba moja hazitenganishwi na amri ya maandishi: atakayeikuta ile kali sandukuni ataipakia. Miaka ya 1980 zikaondolewa, na bastola za zamani za m/07 zikarudi kazini.

Na hiyo m/07 inakula 9 mm nyingine, ya ganda la milimita 20, sawa na rashasha ya kwanza ya Husqvarna ya m/37. Suomi, Bergmann na Lahti zinakula 9 × 19. Ongeza .45 ya Thompson, 6.5 ya bunduki, 8 × 63 ya bombomu. Huo ndio mzigo aliobeba mtunza ghala.

Mchangiaji wa tatu

Upande wa sheria: Mkataba wa tano wa The Hague wa 1907 haumkatazi asiyepigana kununua silaha kwa anayepigana. Kifungu cha 7 kinasema halazimiki hata kuzuia wafanyabiashara binafsi kuuza au kupitisha silaha, na cha 9 kinataka vizuizi vyovyote atakavyoweka viwabane wapiganaji wote sawa. Kinachokatazwa waziwazi, kifungu cha 2, ni kupitisha vikosi na misafara ya vita katika ardhi yake. Hapo Sweden ina kesi: treni za askari wa Kijerumani wa likizo kati ya Julai 1940 na Agosti 1943, na divisheni ya Kijerumani ya Engelbrecht iliyovushwa kutoka Norway kwenda Finland mwaka 1941. Mleta mada ana mshitakiwa sahihi, ila amemshitaki kwa kosa ambalo halimo.

Mleta mada

Sawa, kununua si kosa. Lakini treni na bunduki vilikuwa mezani kwa wakati mmoja na kwa mtu yuleyule. Siamini viliandikwa kwenye daftari mbili tofauti.

Mchangiaji wa kwanza

Basi daftari hilo lisome hadi ukurasa wa mwisho. Finland ilipovamiwa na Wasovieti, Novemba 1939, Sweden ilijiita "isiyo vitani" badala ya isiyoegemea, ikapeleka makumi ya maelfu ya bunduki na mamilioni ya risasi kutoka ghala lilelile lililokuwa na upungufu. Kuanzia 1943 ikafunza na kuwapa silaha Wanorwe zaidi ya 10,000 waliokimbilia kwake, kwa jina la askari polisi, na Wadenmark wapatao 5,000. Hao walibeba Suomi za Husqvarna wakarudi nazo makwao Mei 1945. Kwa kipimo chako, huko nako ni kuegemea. Utaandika upande gani?