Mtoto mdogo kufanyiwa upasuaji: tupeane uzoefu

Mama wa Wawili: Wapendwa, habari za jioni. Kuna mzazi kaniuliza pembeni kuhusu mtoto wake aliyepangiwa kutolewa nyama za pua. Naona heri nijibu hapa, na waliopitia upasuaji mwingine waongezee.

Wangu wa kiume alikuwa anaelekea miaka minne. Akilala mdomo wazi, anakoroma utadhani babu yake. Kukoroma nilishakuzoea. Kilichonitoa usingizi ni zile nukta anazonyamaza ghafla, kifua kinahangaika na pumzi haitoki, halafu anashtuka. Mchana ukimwita hageuki, na chekechea wakamwita mtukutu. Kumbe nyama zilikuwa zimeziba njia ya hewa inayokwenda sikioni, maji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto hasikii vizuri, nasi tunamgombeza.

Mama mkwe akasema ni kimeo, kuna mzee anakata. Nilimjibu kwa adabu zote, lakini mtoto hakutoka nyumbani. Kimeo ni kile kinachoning'inia kooni, Mungu kakiweka pale. Nyama za pua ziko nyuma ya pua, juu zaidi, hata umulike na tochi mdomoni huzioni. Daktari wa masikio, pua na koo alizionyesha kwenye eksirei iliyopigwa kwa ubavu. Tulianza na dawa ya kupuliza puani. Wapo wanaoishia hapo, na nyama zenyewe husinyaa mtoto akikua. Kwa wangu pumzi iliendelea kukatika, ikaamuliwa zitolewe pamoja na tonsesi.

Upasuaji wenyewe unapitia mdomoni, hakuna kidonda cha nje. Kwangu mimi kazi ilikuwa asubuhi yake, mtoto anaomba uji na huwezi kumpa. Tuliambiwa chakula na maziwa ya kopo mwisho masaa 6 kabla ya upasuaji, ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2. Ulizeni muda kamili, msikubali jibu la "asile tangu usiku", na ombeni wadogo waanze mapema.

Halafu kuamka. Hili hakuna aliyenidokeza. Alilia, akapiga mateke, akanisukuma kama hanijui. Nilidhani kuna kitu kimeharibika. Nesi akaniambia ni dawa ya usingizi inaisha, nimshike tu. Baada ya muda akatulia, akaomba maji.

Nyumbani siku mbili za mwanzo alikuwa mchangamfu, ya tatu na ya nne ndiyo maumivu yakapanda. Mpeni paracetamol kwa saa zake, kwa kipimo mlichoandikiwa, msisubiri alie. Aspirini hapana. Kooni mtaona utando mweupe na mdomo utanuka, hiyo si usaha. Anaweza kulalamika sikio, na sauti ikatokea puani kwa muda. Cha kuogopa ni damu: akiwa amelala anameza mate mfululizo, au anatapika damu, hospitali saa hiyo hiyo, hata kama wiki imeshapita. Utando unapobanduka ndipo wengine hutoka damu.

Baba Nuru: Sisi ilikuwa ngiri ya kinena, binti bado ananyonya. Akilia kinajitokeza kivimbe, akitulia kinarudi. Bibi alitaka tufunge sarafu na plasta kama alivyomfunga kaka yake kitovuni, na kweli cha kaka kilijifunga. Daktari akacheka: ngiri ya kitovu nyingi hujifunga zenyewe mtoto akifika miaka minne au mitano, sarafu inachukua sifa za bure. Ya kinena haijifungi, na utumbo ukinasa mle, kivimbe kikawa kigumu na mtoto anatapika, ni dharura. Tuliingia asubuhi, jioni tuko nyumbani. Mama yake alikuwa na hofu kuliko mtoto, mimi nilikuwa na hofu kuliko wote ila nimevaa uso wa baba.

Dada Salome: Mimi nesi. Kuhusu kimeo nasema moja tu: wanaletwa wodini wakitoka damu haikatiki, wengine na maambukizi, na wapo tuliowapoteza. Kikohozi cha mtoto kina sababu nyingine, apimwe.

Mama Pendo: Nyie mnasimulia mambo yaliyoisha. Pendo alizaliwa na mgongo wazi, ukafungwa, halafu kichwa kikaanza kukua. Akawekewa mpira unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, unapunguza maji. Unaweza kuziba siku yoyote, kwa hiyo mimi bado nipo kazini: nashika utosi, naangalia kama macho yanashuka chini, kama anatapika au analala kupita kawaida. Ulishaziba, wakaubadilisha. Majirani waliosema nimerogwa siku hizi wanampigia makofi akihesabu. Mwenye mtoto kama wangu aniandikie, hata usiku.

Mama wa Wawili: Mama Pendo, nakukumbatia. Nitakutafuta.

Kaka Juma: Bei ikoje wakuu?

Baba Nuru: Inatofautiana sana, Juma. Muhimu uulize kama bei uliyotajiwa ina vipimo, dawa ya usingizi na kitanda ndani yake. Kwetu bima ililipa, ila kibali kilichukua muda, fuatilia mapema.

Mama Ilham: Ni mimi niliyemuuliza pembeni. Wa kwangu ni Alhamisi, nyama na tonsesi. Aiskrimu anaruhusiwa?

Mama wa Wawili: Mpe, mradi ateremshe kitu na anywe sana, koo likikauka linauma zaidi. Uji uliopoa, mtindi, viazi vya kuponda. Acha machungwa, pilipili na krispi. Na juisi nyekundu kama rozela iweke kando wiki hizo, akitapika utashindwa kujua kama ni juisi au damu.