Tupeane uzoefu: siku somo la mitandao ya kompyuta lilipokutoa jasho chuoni

Mwaka wa Tatu
Habari za jioni, ndugu zangu. Jana mdogo wangu, ambaye ameanza kusomea usanifu na usalama wa mitandao hapa Kampala, aliniletea kazi yake ya kugawa anwani 256 za mtandao wa 192.168.10.0 katika mafungu manne yaliyo sawa, na nilipoona ameipa printa ya idara ya fedha anwani inayoishia na 64, nilicheka kisha nikanyamaza, kwa kuwa kosa hilohilo ndilo lililonikosesha alama 12 katika mtihani wa mwaka wa pili. Kila fungu lina anwani 64 (la pili huanzia na hiyo 64), lakini ya kwanza ni ya fungu lenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote, hivyo zinazobaki kwa vifaa ni 62. Nilikuwa nimeikariri hesabu hiyo hadi naiota, na bado mkono uliteleza. Je, wewe somo hili lilikutoa jasho siku gani?

Binti wa Arua
Umenigusa penye kidonda. Tulikuwa wanne katika kikundi, tumepewa ruta mbili na swichi tatu (vifaa vya kuunganisha kompyuta) za kushikika, si zile za kuchora katika Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, na kazi yetu ilikuwa kusanifu mtandao wa hospitali ya kubuni yenye ghorofa tatu: wahasibu watengwe na wagonjwa wanaotumia waifai, maabara isifikiwe na mtu wa nje, na iwepo njia ya pili endapo ya kwanza ingekatika. Tulihangaika siku tatu. Asubuhi ya siku ya kuonyesha kazi nilijaribu kila kompyuta, na kila moja iliitika.

Saa tisa na robo alasiri, vikundi viwili vikiwa vimebaki mbele yetu, umeme ulikatika. Jenereta ya jengo ilinguruma baada ya muda mfupi, feni za swichi zikaanza tena kuvuma, nami nikaiona ruta ikiniuliza, kwa adabu kabisa, iwapo ningependa kuanza kuiwekea mipangilio. Swali hilo huulizwa na ruta isiyojua lolote. Kumbe yote tuliyoandika yalikuwa kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme unapoondoka, na katika wanne sisi hakuna aliyekuwa ametoa amri ya kuyanakili kwenye kumbukumbu ya kudumu, maana kila mmoja alidhani mwenzake ameshaitoa. Mhadhiri alifika, akatazama, akauliza swali moja: "Hospitali yenu hutibu wagonjwa umeme ukiwepo tu?" Tuliambulia alama za michoro. Hadi leo kazini ninahifadhi kila baada ya mistari mitatu, na wenzangu hunicheka.

Mkaaji wa Kikoni
Hata mimi, dada. Tena mara mbili katika muhula mmoja.

Fundi Kebo
Mwenzenu nilimaliza shahada nikiyataja matabaka saba ya mtandao, yaani ngazi za kueleza jinsi unavyofanya kazi, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, lakini kazi ya kwanza niliyopewa mjini ilikuwa kufunga ncha za kebo kumi na mbili katika ofisi ndogo. Niliona ni busara kuzipanga nyaya jozi kwa jozi: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Kipimo kiliwasha taa zote nane, nikalipwa, nikaondoka. Kesho yake nikapigiwa simu kwamba barua pepe ndogo zinakwenda, ila faili kubwa zinakwama. Nilikaa siku mbili nikiitilia shaka ruta. Hatimaye alikuja mzee mmoja asiye na cheti chochote, akakata ncha moja kwa koleo bila kusema neno, akanionyesha kwamba jozi ya bluu hukaa katikati ya zile mbili za kijani. Mimi nilikuwa nimezitenganisha nyaya zinazopaswa kusafiri zikiwa zimesokotwa pamoja, na zile zilizoketi mahali pake zikawa zinaingiliana. Chuo hakikunifundisha hilo. Nendeni kwa mafundi, acheni kukariri matabaka.

Mama Seva
Kaka Fundi, kwa heshima zote, kebo ndiyo tabaka la kwanza kati ya hayo saba unayoyadharau. Ungeanza kutafuta kosa kutoka chini, kama matabaka yanavyofundisha, usingepoteza siku mbili kwenye ruta.

Fundi Kebo
Mama, kipimo kilisema kebo ni nzima. Ungekuwepo nawe ungekiamini.

Mama Seva
Nisingekiamini, kwa sababu kipimo cha taa nane huangalia tu kama kila uzi umefika upande wa pili, hakiangalii umesokotwa na nani.

Mkaaji wa Kikoni
Nyote wawili mna haki, na nyote wawili mnatuchelewesha.

Kijana wa Mbale
Mimi mtihani wangu ulitoka mtaani. Kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii ilipoanza Julai 2018, muuza chapati wa Wandegeya niliyekuwa nikila kwake kila jioni aliniuliza ni VPN gani nzuri ya bure (programu ya kuficha unachofanya mtandaoni, ambayo watu waliitumia kuikwepa kodi hiyo), nami niliyekuwa nimetoka kwenye mhadhara wa handaki, yaani njia ya siri ya VPN, na usimbaji fiche, yaani kuugeuza ujumbe usisomeke na mwingine, nikashindwa kumjibu kwa lugha ya kueleweka. Nilimwambia tu kwamba kwa VPN ya bure unamficha jirani barua yako, kisha unamkabidhi mgeni aibebe. Alicheka, akasema mgeni huyo hamdai shilingi 200. Katika miaka yangu yote chuoni sijasikia hoja iliyonishinda kama ile.

Paketi Iliyopotea
Nimesoma yote haya nikijizuia, lakini acha niseme. Mwaka wa tatu tulifundishwa kutumia Wireshark kuchunguza paketi, yaani vipande vya data, zinazopita kwenye mtandao, na tukaonywa tuitumie ndani ya maabara pekee. Usiku huo nikaifungua nikiwa hosteli. Nilijiambia ninafanya mazoezi. Kulikuwa na mfumo mmoja wa chuo ambao ukurasa wake wa kuingilia haukuwa na usimbaji wowote, na mkaazi mmoja wa hosteli yetu alikuwa msaidizi wa mhadhiri aliyekuwa akiingiza alama zetu kupitia waifai ileile. Nikaona jina lake na nywila yake vimeandikwa wazi, kama tangazo ukutani. Sikuingia. Naapa sikuingia. Ila nilimwonyesha rafiki yangu, nikijivuna, na baada ya siku tisa nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Walikuwa wameweka mezani nakala ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, na penye kifungu cha kunasa mawasiliano bila idhini walikuwa wamepiga mstari mwekundu. Mengine nitaandika nikipata nguvu.

Binti wa Arua
Ndugu, huwezi kutuachia hapo. Rafiki yako aliingia?

Kijana wa Mbale
Alibadilisha alama?

Mama Seva
Mnauliza alama, mimi ninauliza idhini. Mwanangu, hakuna "mazoezi" kwenye mtandao wa watu. Mwaka 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachia mtandaoni mnyoo wake, programu inayojisambaza yenyewe, akidai hakukusudia madhara, na bado alitiwa hatiani. Unapotaka kupima, unaomba ruhusa kwa maandishi, inayotaja mfumo gani, kuanzia lini hadi lini.

Fundi Kebo
Na mwenye mfumo aliyeacha nywila zipite uchi haitwi mbele ya kamati? SSH yenyewe, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa siri, imetokana na kisa cha namna hii: mwaka 1995 mtu alinasa nywila kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, na Tatu Ylönen, mtafiti wa hapohapo, akaandika programu ya kuzifunika. Huko walitengeneza dawa, sisi tunamfukuza aliyeona ugonjwa.

Mama Seva
Ylönen hakuwa ndiye aliyezinasa, kaka. Usichanganye daktari na mwizi wa dawa.

Mkaaji wa Kikoni
Ushauri wangu kwa wadogo: nunueni ruta mbili kuukuu, mzivuruge chumbani kwenu. Ushauri wangu wa pili: msinunue chochote, Packet Tracer inatosha na haili umeme wa kodi ya chumba. Chagueni wenyewe.

Paketi Iliyopotea
Nimerudi. Ndiyo, aliingia, kwa kompyuta mpakato yake, akabadilisha alama ya somo moja kutoka 48 hadi 58, na kumbukumbu za seva zikaonyesha saa na anwani aliyotumia. Alinitaja kabla hajaulizwa mara mbili. Yeye alifukuzwa, mimi nilisimamishwa masomo mihula miwili, na baba yangu alikuja kutoka Soroti kunisindikiza nyumbani bila kuniuliza neno njia nzima, jambo lililoniumiza kuliko barua yenyewe. Niliporejea, darasa langu la zamani lilikuwa limehitimu. Wiki ya kwanza nilifungua ule ukurasa wa kuingilia ili nijisajili, nikatazama juu ya kivinjari. Ulikuwa bado hauna usimbaji. Safari hii niliandika barua kwa ofisi ya mifumo, nikabakiza nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, na sikugusa kitu.

Binti wa Arua
Pole sana, ndugu. Muhuri ulikuwa wazo zuri.

Fundi Kebo
Na ukurasa je, waliurekebisha?

Paketi Iliyopotea
Ulipata usimbaji nilipokuwa ninangojea mahafali.

Mwaka wa Tatu
Nilianzisha mada kwa ajili ya printa, naona imesahaulika. Mdogo wangu ameihamishia 65, na lango la fungu hilo, yaani ruta ya kutokea nje, amelipa 126. Anauliza kama ile njia ya pili ya hospitali ya Binti wa Arua ingefanya kazi umeme usingekatika.

Binti wa Arua
Mwambie asubuhi ile ilifanya kazi. Na mwulize kama amehifadhi.