Kidato cha nne, riadha na tuisheni: nipunguze wapi?

Mwalimu wa michezo, Wete: Assalaam alaykum. Wakimbiaji wangu wa mita 800 wana mtihani Novemba. Alfajiri mbio, mchana skuli, jioni mazoezi, usiku tuisheni. Wawili wamekuwa wakali, hawalali vizuri, na kasi imeshuka. Wazee wao wanasema uvivu. Nitajuaje ni uchovu tu au ni maradhi?

Kocha, Unguja: Waalaykum salaam maalim. Si uvivu huo. Anza kwa kufuta mbio za alfajiri. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Aliyelala saa tano usiku akaamka saa kumi na moja kapata 6 tu. Akishasali, arudi kulala kidogo.

Kisha pima mzigo, usikisie. Nusu saa baada ya mazoezi muulize yalikuwa mazito kiasi gani, 0 hadi 10, uzidishe kwa dakika: dakika 60 kwa uzito 7 ni 420. Jumlisha wiki nzima. Wiki ya mtihani hesabu hiyo lazima ishuke, maana hata kwa wachezaji wa vyuo Marekani imeonekana majeraha huzidi wakati wa mitihani. Ramadhani, mazoezi mazito yawe baada ya futari.

Muuguzi wa afya ya akili: Uchovu hupungua akipumzika siku chache. Huzuni, au kukosa hamu ya alivyovipenda, karibu kila siku kwa wiki 2, pamoja na kuvurugika usingizi, kula na umakini: huyo apelekwe hospitali. Msichana aliyekosa hedhi miezi 3 huenda anakula kidogo kuliko nguvu anazotumia. Aulizwe na mwalimu wa kike, faraghani.

Kijana mwenye huzuni hiyo muulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake hata dakika, na aende hospitali siku hiyohiyo. Hapo kwenu ni Hospitali ya Wete. Unguja ipo hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu. Familia ikitaka kumsomea dua, isikatazwe, ila dua isicheleweshe matibabu.

Mwalimu wa michezo, Wete: Ahsanteni sana. Basi niwatoe kwenye timu?

Muuguzi wa afya ya akili: Hapana, ila daktari akisema. Ukiwatoa unawatenga na wenzao. Wapunguzie mzigo, wabaki na timu, na sababu isitajwe mbele ya wengine. Wazee waite wewe mwenyewe, ukiwa na hesabu za usingizi mkononi.