Sundubu Koreatown, Los Angeles: chungu peke yake, seti na nyama, au supu ya mifupa?

Mgosi_Houston
Wakuu, habari zenu. Wiki ijayo tunashuka Los Angeles kutoka Houston, watu watano. Mwenyeji wetu ameng'ang'ania tukale sundubu jjigae Koreatown, mtaa wa Wakorea, ule mchuzi wa tofu laini unaoletwa mezani ukitokota. Mimi tofu ninayoijua ni vile vipande vikavu vya kukaanga, na sikuvipenda.

Nimefungua menyu nimechoka. Kuna (a) chungu cha tofu peke yake na wali, (b) seti ya chungu pamoja na nyama ya mbavu ya kuchoma, (c) mwenzangu mmoja kazini anasema niachane na tofu, niende kwenye supu nyeupe ya mifupa, seolleongtang.

Msafara wenyewe: mimi, mke wangu, kijana wa miaka 7 anayelia akinusa pilipili, shemeji ambaye pilipili kwake ni maji, na mama mkwe. Mama mkwe hali nguruwe, hagusi pombe hata iliyojificha kwenye kitoweo. Halafu mnajua kwetu, mkwe na mama mkwe kuchovya chungu kimoja ni kesi ya ukoo mzima. Nishaurini.

Dereva_wa_Wilshire
Karibu sana ndugu yangu. Mimi naendesha teksi mitaa hiyo, sundubu nakula karibu kila wiki. Kwanza kesi ya mkwe imeisha: kila mtu analetewa chungu chake. Mnachochangia ni vile visahani vya katikati tu, banchan: kimchi (kabichi iliyochachushwa na pilipili), chipukizi za maharage, tango, figili. Vikiisha unaomba vingine na hulipi.

Sasa usiilinganishe na tofu unayoijua. Ile hukamuliwa maji kwa kukandamizwa hadi ikakaza. Hii haikandamizwi kabisa. Ni kama mala nzito iliyopata joto, unaichota kwa kijiko inatetemeka. Yenyewe haina ladha kubwa, kazi yake ni kubeba mchuzi.

Kura yangu ni (a). Ukichukua seti, nyama inapoa wakati bado unapuliza mchuzi. Ule mchuzi haungoji mtu, na wewe hutaki kuungoja.

BiKidawa
Kaka Dereva, wewe unakula peke yako ndani ya nusu saa, unarudi barabarani. Huyu ana familia! Mgosi, chukueni seti mbili na vyungu vitatu vya kawaida. Nyama ya seti, galbi, hukatwa kukingama mfupa, kipande chembamba chenye vijifupa vitatu vinne pembeni, imelowekwa kwenye sosi ya soya, sukari na vitunguu saumu. Huo mkato Wakorea wenyewe wanauita LA galbi. Umwambie mtoto wa miaka 7 akatae nyama tamu ya kuchoma na wali mweupe? Hakatai.

Mimi niliwahi kumwagizia binti yangu chungu chake mwenyewe cha "weupe", kisicho na pilipili. Hakula, alikaa anaangalia mapovu. Pesa ikaenda.

Ustadh_Kitoweo
Dada BiKidawa, hiyo galbi mama mkwe asiiguse. Sosi ya kulowekea mara nyingi hutiwa mvinyo wa wali, na nyama yenyewe si ya kuchinjwa kwa utaratibu wetu.

Kwa bibi huyo njia nyepesi ni chungu cha uyoga au cha vitu vya baharini: kombe, kamba, wakati mwingine chaza. Ila msiishie kwenye jina la menyu. Supu ya asili ya sundubu ni dagaa wakavu waliochemshwa na mwani mpana uitwao dashima, lakini wapo wanaoanzia na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Na chungu kinachoandikwa "mchanganyiko" kwa kawaida kina vipande vya nyama chini. Ulizeni mambo mawili, supu imetoka wapi na kama kuna nyama ndani. Anayeulizwa hakasiriki, wanaulizwa kila siku.

Kimchi ya kula na wali haina shida kwake, imetiwa samaki na kamba wa chumvi tu. Kile chungu cha kimchi ndicho cha kukwepa, kwa sababu hupikwa na nguruwe.

Mlevi_wa_Supu
Naona (c) imesahaulika. Seolleongtang ni mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa saa nyingi hadi maji yakawa meupe kama maziwa. Inaletwa haina chumvi, unaweka mwenyewe na majani ya kitunguu. Kwa aliyekulia supu ya makongoro hapo ndipo nyumbani. Pilipili hakuna, mtoto anakula.

Lakini sitakudanganya, kwa meza ya watu wenye midomo mitano tofauti, tofu inashinda. Kwenye supu ya mifupa mtakula wote kitu kimoja. Na kwa mama mkwe ni ng'ombe yuleyule asiyechinjwa kwa utaratibu wenu.

Aliyepita_Seoul
Nimesoma Korea, niongeze kidogo. Watu hudhani hiki chakula kimeletwa Los Angeles kama kilivyo. Hapana. Nilikwenda Gangneung, pwani ya mashariki, mtaa wa Chodang, ambako tofu hugandishwa kwa maji ya bahari. Pale wanakuletea bakuli jeupe, wewe unatia sosi ya soya yenye vitunguu. Nililimaliza nikabaki nauliza mchuzi mwekundu uko wapi.

Huu mtindo wa mgahawa mzima wa sundubu, unachagua kilichomo kisha ukali wa pilipili, umekuzwa sana na Koreatown. Beverly Soon Tofu ya Monica Lee ilifunguliwa 1986, ikafungwa 2020 wakati wa korona. BCD Tofu House ilianzishwa hapohapo Los Angeles mwaka 1996 na Hee Sook Lee, na hizo herufi zinatokana na Bukchang-dong, mtaa wa katikati ya Seoul. Kwa hiyo Mgosi, hapo mnakwenda chimbukoni, si kwenye nakala.

Mgosi_Houston
Ahsanteni wakuu. Ukali wa pilipili je? Shemeji anasema aandikiwe "kali sana" na anataka nithibitishe kwenu kwamba anaweza.

Dereva_wa_Wilshire
Pilipili yao, gochugaru, si kichaa kama mbuzi ya kwetu. Kinachomshinda mtu ni moto. Siku yangu ya kwanza, kwenye kimgahawa kimoja, nilijaza kijiko nikakitia chote mdomoni kwa ushujaa. Tofu inahifadhi joto ndani kama kiazi kitamu cha kuchemsha. Siku tatu sikusikia ladha ya chai. Shemeji aandikiwe "kali", apulize.

Mambo mengine madogo. Yai bichi likiletwa, lipasue ndani mara chungu kinapotua, ukichelewa haliivi. Wali ukija kwenye bakuli la jiwe, pakua wote kwenye bakuli la pembeni, kisha mimina maji ya moto kwenye jiwe na ufunike. Usiulize kwa nini, fanya tu. Na bakshishi ni asilimia 15 hadi 20, Marekani ni Marekani.

BiKidawa
Na mama mkwe aanze kula kwanza. Wakorea nao mdogo hagusi kijiko kabla ya mkubwa. Hapo utapata sifa bila jasho.

Mgosi_Houston
Tumerudi. Tulifuata hesabu ya BiKidawa: seti mbili, vyungu vitatu vya kawaida. Kijana alikula galbi na wali, na samaki mdogo wa kukaanga waliyetuletea bila kuagizwa. Chungu cheupe nilichomchukulia kwa ubishi nilikimaliza mimi. Shemeji aliandikisha "kali sana" kwa siri, akalia machozi, akasema ni mvuke.

Mama mkwe alichukua uyoga. Muhudumu alikwenda jikoni kuuliza supu, akarudi na jibu: mwani na dagaa. Bibi akala kimya muda wote, nikajua sijamfurahisha. Mwishoni nikafunua lile bakuli langu la jiwe nililotia maji. Ukoko! Umelainika, unanukia wali wa kuungua kidogo, wao wanauita nurungji. Nilikuwa ndiyo kwanza nimechukua kijiko nikaona mkono umepita, bakuli limesogezwa upande wa pili wa meza, na mama mkwe anakwangua bila hata kuniangalia.